MASWALI YENU: Mikate yangu ya jibini imetoka mawe, nimekosea wapi?

SWALI
Shikamoo dada. Niko Belo Horizonte, Brazili, kimasomo, mwaka wa pili sasa. Juzi kati mvua ilinikamata njiani nikajibanza kwenye kaduka ka mikate ambako kila siku nakapita bila hata kugeuza shingo, pana meza mbili tu na oveni inaonekana kwa nyuma, yule mama wa kaunta akanipa pão de queijo, yaani mikate ya jibini, za moto kwenye mfuko wa karatasi, zina ukubwa wa limau, juu zina ganda jembamba linakatika krap, ndani wazi kama pango na zinavutika mpaka zinashika meno, na ile harufu ya jibini sasa, aisee nilikula nne nimesimama. Nikamuuliza ni ngano ya aina gani hii akasema hamna ngano hapo, ni muhogo. Basi mi moja kwa moja supamaketi, nikaona pakiti imeandikwa farinha de mandioca na najua mandioca ndo muhogo, nikachukua, nikachanganya na maziwa, mayai, jibini na hamira kidogo, nikaoka. Ikatoka mawe, dada, mawe yenye chengachenga. Nimekosea wapi? Halafu ninayekaa naye ana ugonjwa wa siliaki, ngano haruhusiwi hata chembe, je hii anaweza kula?
Msomaji, Belo Horizonte

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Kosa lako limetokea dukani, hata kabla hujawasha oveni. Farinha de mandioca ni muhogo mzima uliokunwa, ukakamuliwa maji, ukakaangwa mpaka ukakauka, ndo ule wanaounyunyizia juu ya maharage. Una nyuzinyuzi na umeshaiva tayari, sasa utavimbaje? Ulichokuwa unatafuta kinaitwa polvilho, yaani wanga mtupu wa muhogo: unakunwa, unaoshwa kwa maji mengi, yale maji meupe yanaachwa yatulie, kinachotuama chini ndo hicho. Ukiushika ni laini kama poda na ukiubana vidoleni unalia kwichi kwichi.

Na hapo napo kuna aina mbili, usije ukarudi tena mikono mitupu. Polvilho doce unakaushwa moja kwa moja, huo unakupa mkate laini unaovutika. Polvilho azedo unaachwa kwanza chini ya maji wiki kadhaa mpaka unachacha, ndo unaanikwa juani, na jua lenyewe lina kazi yake maana wanga uliochacha ukikaushwa kwa mashine haufuri kama ule ulioanikwa. Lile pango uliloliona ndani, na kale kaukali kwa mbali, vimetoka kwenye azedo. Wengi wanachanganya zote mbili nusu kwa nusu na mi ndo nakushauri uanzie hapo.

Hamira achana nayo kabisa. Mkate huu unainuliwa na mvuke, maji yaliyomo kwenye unga yanachemka ndani ya oveni yanausukuma wanga unatanuka, ganda linaganda juu, basi. Ila ili wanga ushike ule mvuke lazima uunguzwe kwanza kwa kuumwagia maziwa na maji yanayochemka, wenyewe wanaita escaldar, na hii hatua usiiruke hata kama una haraka. Chukua polvilho nusu kilo weka kwenye bakuli kubwa, chemsha maziwa glasi moja, maji nusu glasi, mafuta nusu glasi na chumvi, ikianza kupanda tu imwagie yote humo huku unakoroga na mwiko. Itakuwa madonge ya ajabu yananata kama gundi, usiogope, ndo inavyotakiwa. Iache ipoe mpaka mkono unavumilia, maana ukiwahisha mayai yataiva humohumo, halafu tia mayai mawili, kanda, ukiona bado ngumu ongeza la tatu, mwisho jibini iliyokunwa gramu 250 hivi. Paka mafuta viganjani, finyanga vidonge, acha nafasi kati yake, oveni nyuzi 180 hadi 200 iwe imeshapata moto kabla hujaingiza, dakika 25 angalia. Vidonge vitakavyobaki gandisha vibichi kwenye friza, siku ukitaka unaoka vilevile bila kuyeyusha.

Kuhusu jibini, mdogo wangu, wewe upo jimbo la Minas Gerais kwenyewe, usinunue ile ya vipande vya plastiki! Omba queijo Minas meia cura, yaani jibini ya Minas iliyokomaa nusu, au ile ya Canastra kama mfuko unaruhusu. Utengenezaji wa jibini za kienyeji za Minas UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika Desemba 2024, na wewe unaupata kwa kutembea tu. Mikate yenyewe inasimuliwa kwamba ilianzia kwenye mashamba ya hukohuko miaka ya 1700, enzi za kuchimba dhahabu, ngano ilikuwa adimu na muhogo upo tele, jibini ikaja kuingia baadaye ng'ombe walipoongezeka.

Sasa mwenzio, hapa nisome taratibu. Pão de queijo ya asili haina ngano, kwa hiyo haina gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru watu wa siliaki, ila kaduka kako ka oveni moja kanaoka pia ile mikate ya ngano ya kila asubuhi, trei zilezile, meza ileile, unga unapepea hewani. Kwa mtu wa siliaki hicho kidogo kinatosha kumuumiza, na wapo pia wanaochanganya ngano kidogo, kwa hiyo hapo asile kwa kubahatisha, amuulize yule mama waziwazi. Kwa vya pakiti kazi ni rahisi, sheria ya Brazili namba 10.674 ya 2003 inalazimisha iandikwe "contém glúten" (ina gluteni) au "não contém glúten" (haina gluteni), atafute hiyo ya pili. Bora zaidi muoke wenyewe nyumbani, kwa trei na mwiko ambavyo havijagusa ngano.

Na kaduka usikaache. Muulize mama fornada inatoka saa ngapi, yaani mkupuo wa oveni, uende saa hiyohiyo na kahawa yako, kwa sababu ikishapoa kwa masaa mawili matatu inakuwa kama mpira na ule mvutiko unaisha.

SWALI
Dada, rafiki yangu wa Paraguay anasema hiyo pão de queijo ni chipa tu, mkate wa jibini wa kwao, Wabrazili wameiga. Kweli?

JIBU
Ni ndugu, sio nakala. Muhogo ulikuwa chakula cha Waguarani na wenyeji wengine kabla Mreno na Mhispania hawajafika, jibini na mayai vikaja na wageni, kila upande ukachanganya kivyake. Bolivia wanayo cuñapé, Kolombia pandebono ambayo inatiwa na mahindi. Chipa mara nyingi inafinyangwa kama pete, ina mafuta ya nguruwe na mbegu za anisi, ni nzito zaidi. Mwambie akuletee moja, nawe mpelekee yako ya moto.