Kupima kwa Kikombe na Kupima kwa Mizani Unapooka

Wengi wanaojifunza kuoka nyumbani huniuliza kikombe kimoja ni gramu ngapi, nami huwauliza kwanza: kikombe cha nini? Kikombe hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinaijaza, ilhali gramu hupima uzito, na vitu viwili vinavyojaza nafasi ileile vinaweza kutofautiana uzito karibu mara tatu. Kikombe cha kupimia cha Kimarekani, chenye takriban mililita 240, hubeba gramu 120 hivi za unga wa ngano, gramu 200 za sukari nyeupe, gramu 220 za mafuta ya kupikia na gramu 340 za asali. Kwa hiyo usitafute hesabu moja ya kubadilishia kila kitu, kwani haipo.

Unaosumbua kuliko vyote ni unga. Ukizamisha kikombe ndani ya kopo la unga na kukikandamiza kwenye ukuta wa kopo, unashindilia unga na kuitoa hewa iliyokuwemo, na kikombe hicho kinaweza kufika gramu 150. Ukiutifua kwanza kwa uma, ukautia kikombeni kijiko kwa kijiko bila kuutikisa wala kuubonyeza, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata zile gramu 120. Chukua maandazi ya vikombe vitatu: mpishi mmoja atatumia gramu 360, mwenzake 450, na kila mmoja atasema kwa haki kabisa kwamba amefuata maelekezo. Tofauti hiyo ya gramu 90 ni robo tatu ya kikombe, nayo inatosha kulifanya donge liwe kavu na gumu kukanda, na andazi litoke zito badala ya kufura na kuacha uwazi ndani. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukiweza kupima kitu kimoja tu kwa mizani, kiwe unga.

Vikombe vyenyewe navyo havilingani. Nchi nyingi zinazotumia mililita huhesabu kikombe cha kupimia kuwa mililita 250, na kijiko cha chakula, ambacho kwingi ni mililita 15, Australia ni mililita 20. Kikombe cha chai cha nyumbani hakifuati kanuni yoyote kati ya hizo, lakini kukijua ni rahisi. Kiweke kitupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kijaze maji hadi ukingoni, kisha usome: gramu moja ya maji ni mililita moja, hivyo kikionyesha 210, una kikombe cha mililita 210. Baada ya hapo kipimie unga, sukari na mchele unaovitumia kila siku, uandike majibu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Mchele wa vitumbua upimwe ukiwa mkavu, kabla ya kulowekwa, kwa sababu uliolala majini umeshakunywa maji na uzito wake hautakuambia lolote la maana. Kilo moja ya mchele mkavu hutoa vikombe vitano au zaidi kidogo. Siagi, kwa upande wake, haina haja ya kikombe, maana gramu zake zimeandikwa kwenye pakiti, na pakiti ya gramu 250 ukiigawa sehemu mbili sawa umemaliza kazi.

Hamira na chumvi pekee ndizo ninazoendelea kuzipima kwa kijiko. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni gramu 3 hivi, cha chumvi laini ni gramu 6, na mizani nyingi za nyumbani, ambazo husoma gramu moja moja, haziaminiki kwa vipimo vidogo kiasi hicho.

Kwa wenye bibi au shangazi anayepima kwa kibaba, kwa kopo au kwa kiganja, ushauri wangu ni kutomwomba abadili mkono wake. Mwacheni apike kama kawaida, nanyi mweke bakuli lake juu ya mizani tangu mwanzo, mwandike namba kila anapomimina kitu na kurudisha sifuri kabla ya kingine.