Jibu: Usimpe fundi laki tatu na nusu kabla binti hajabonyeza vitufe vitatu

Mleta mada, usitoe hiyo hela. Kama ulishamwahidi fundi, mpigie sasa hivi umwambie mambo yameingiliana. Majibu ya wenzangu sijayamaliza hata kuyasoma, maana hayo unayoambiwa mimi nilishayalipia.

Kwa wanaopita tu: mwenzetu ana mdogo wake wa kike aliyepoteza uoni mwaka jana kwa presha ya macho, na Oktoba anaanza chuo hapa Dodoma. Laptop ya Windows anayo. Fundi amesema kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kinachokuja na kompyuta hakina maana, cha bure ni cha majaribio tu, hivyo atoe 350,000 binti awekewe JAWS, kisoma skrini cha kulipia, "ya maisha". Anauliza kama ni sawa, na kama kuna kinachosoma Kiswahili.

Ndugu yangu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi, neno kwa neno, kwenye kibanda kimoja karibu na Barabara ya Nane nikiwa mwaka wa pili. Nikalipa 280,000. Mama aliuza mbuzi wanne kuipata hela hiyo.

"Ya maisha" maana yake ni nakala ya wizi, iliyovunjwa leseni. Ili isigunduliwe, fundi alizima masasisho ya Windows akazima na kinga ya virusi. Kisha akaizima njia ya mkato ya Narrator, yaani kisoma skrini cha Windows chenyewe. Mimi sioni, ningejuaje? Nilisikia sauti inasoma, nikashukuru, nikaondoka.

Miezi mitano ilikwenda vizuri. Baadaye sauti ikaanza kukata katikati ya kazi. JAWS isiyo na leseni halali hufanya kazi dakika 40, halafu hunyamaza mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Watengenezaji waliiweka hivyo ili mtu aijaribu kabla ya kununua, na ni haki yao. Fundi alilijua hilo. Mimi akaniambia RAM imechoka, akaniuzia nyingine.

Basi utafiti wangu wote nikauandika kwa vipande vya dakika 40. Naweka alamu ya simu dakika ya 35, ikilia nahifadhi, nazima, nawasha, naanza tena kutafuta nilipoishia. Utafiti ulihusu wakulima wa zabibu wa Hombolo. Nilihoji watu 26, nikienda kwa bodaboda na kurudi na vumbi mpaka masikioni. Mahojiano nilirekodi kwa simu, nikayachapa mwenyewe moja baada ya jingine, kisha nikafuta rekodi kwa sababu simu ilijaa. Wanaotaka kuniuliza kwa nini sikuweka nakala kwenye flashi, tafadhali msiniulize. Swali hilo nimejiuliza vya kutosha.

Wiki tatu kabla ya kukabidhi, nikairudisha laptop kwa fundi anirekebishie sauti. Akapiga Windows upya, diski yote ikafutwa. Nilipomuuliza mafaili yangu yako wapi, akanijibu, "Kwani ulikuwa na mafaili?"

Mpaka leo jibu lile linanichoma. Yaani alidhani mtu asiyeona ananunua laptop ya kusikilizia redio. Halafu akaniambia sauti haipo tena, niongeze 150,000 airudishe. Nilichelewa kuhitimu mwaka mzima.

Usiku ule nimekaa na kompyuta bubu pale Ng'ong'ona, jirani yangu wa mwaka wa kwanza, naye haoni, akaomba aiguse. Akabonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Kompyuta ikaongea. Bila fundi, bila bando, bila shilingi. Narrator imo ndani ya Windows tangu Windows 2000, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nililia, sikatai.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaiacha: kisoma skrini ambacho binti hawezi kukiwasha na kukirudisha mwenyewe, bila macho ya mtu mwingine, kisiwe tegemeo lake. Ndiyo maana aanze na cha ndani. Kipo mtu anapoweka nywila, na kipo hata Windows mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa ni Windows 8, au Windows 10 ya kabla ya 2017 isiyosasishwa, ni Windows na Enter tu, bila Ctrl.

Sisemi abaki na Narrator milele. Kwa kazi za chuo mimi natumia NVDA, kisoma skrini kingine, na ni ya bure kabisa. Huyo fundi anayeiita ya majaribio aambiwe kwamba iliasisiwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, asiyeona, akaungana naye James Teh, naye haoni, kwa sababu hawakuona haki ya mtu kulipia zaidi ili tu atumie kompyuta kama wenzake. Ndani yake kuna eSpeak NG, programu inayotoa sauti, inayosoma Kiswahili. Sauti yake ni ya bati, lakini masikio huzoea. Aipakue kwenye tovuti ya wenyewe, NV Access, huku Narrator ikimsomea, kisha aisakinishe. Ipo pia nakala ya NVDA ya kutembea nayo kwenye flashi, lakini hiyo iwe ya akiba tu, kwa sababu Windows ikifungua dirisha la kuomba ruhusa haiwezi kulisoma. JAWS ni programu nzuri. Siku mwajiri akimnunulia leseni halali, aipokee kwa mikono miwili.

Leo usiku mkalishe mbele ya laptop abonyeze vile vitufe vitatu. Sauti ikitoka, ashike Caps Lock na kubonyeza 1. Hapo kila kitufe atakachogusa kitatajwa bila kuharibu kitu. Halafu aizime sauti na kuiwasha mwenyewe, mara kumi. Wewe kaa pembeni, usiguse.