Tarehe Nyingi Hazifanyi Kifungu Kuwa Historia

Jioni huwasomesha ufahamu watoto wa mtaani kwetu Kisauni, na wengi hukimbilia kukariri. Mtoto hupewa kifungu kuhusu Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, akashika 1593, 1696 na 1698, lakini ukimuuliza kwa nini Wareno walijenga pale, hunyamaza. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja: kabla ya kukariri, jiulize mwandishi amezipanga vipi habari zake.

Ngome ni ile ile, mipangilio ni mingi. Akianza na Wareno kuijenga, kisha Waomani kuizingira 1696 na kuitwaa 1698, anafuata wakati. Akikutembeza kutani na kwenye mizinga, anasawiri. Akisema Wareno walitaka kulinda njia yao ya biashara ya India, ndipo wakaweka ngome mlangoni mwa bandari, anakupa sababu na matokeo.

Maneno kama "kwa hivyo", "kutokana na", "ilhali" na "hatimaye" husaidia, lakini usiyaamini peke yake. "Baada ya" huonyesha wakati, na mara nyingi hubeba sababu ndani yake.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, ni tarehe. Chukua kifungu kuhusu reli. Ujenzi wa ile ya zamani ulianza Mombasa 1896, ukafika Ziwa Victoria 1901. Reli mpya, SGR, ikaanza kubeba abiria 2017. Msomaji wa haraka atasema ni mfuatano wa matukio. Hebu soma tena. Aya moja inasema reli ya zamani ina upana wa mita moja, inayofuata inasema mpya ina milimita 1,435. Kisha mwandishi anarudi kwenye safari ya Nairobi ya usiku kucha, halafu anataja ya sasa ya saa tano hivi. Huyo analinganisha! Chora safu mbili daftarini, moja kwa kila reli, ujaze unaposoma. Ukichora mstari wa miaka, nusu ya habari itakosa pa kukaa.

Mpangilio wa tatizo na suluhisho ni rahisi kutambua: msongamano wa feri ya Likoni, kisha daraja la kuelea la waenda kwa miguu pale Liwatoni.

Kifungu kikichanganya mipangilio, na vingi huchanganya, soma kichwa na sentensi ya kwanza ya kila aya, kisha andika pembeni swali ambalo kifungu chote kinalijibu. Likianza na "lini", "kwa nini" au "zinatofautianaje", umeshajua uchore nini.