Bibi wa Bustani anajibu: Klivia yangu ni majani tu, ua silioni

SWALI: Shikamoo Bibi wa Bustani. Mimi niko Tabata, Dar. Mwaka wa nne huu nina klivia, niliinunua Arusha kwa muuza miche wa barabarani ikiwa na ua la rangi ya machungwa limechanua lote, toka siku ile sijaona ua tena. Majani yanang'aa, maji napa kila asubuhi, mbolea naweka, chungu nimebadilisha mara tatu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Unaihudumia mno hiyo klivia na ndo maana imekaa kimya. Kwao ni kwenye misitu ya mashariki mwa Afrika Kusini, KwaZulu-Natal na Eastern Cape, mpaka Eswatini, inaota chini ya miti mikubwa juu ya majani yaliyooza, na huko miezi ya sita mpaka wa nane mvua ni haba na usiku baridi inapiga kwelikweli. Ile baridi na ule ukavu ndo vinaifanya itunge ua. Inataka wiki sita mpaka nane hivi za usiku wa nyuzi 10 hadi 13 na maji kidogo sana, sasa Dar hata Julai usiku unabaki karibu nyuzi 20 na wewe asubuhi uko na ndoo, mmea utajuaje kama msimu umebadilika?

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta ndugu Lushoto au hukohuko Arusha, mwezi wa tano ukiisha naifunga kwenye boksi naipeleka ikakae barazani kwake, kwenye mwanga ila jua lisiichome. Mwambie asiionee huruma, kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki mbili tatu kinatosha, halafu awe anachungulia katikati ya majani. Siku atakayoona kitu bapa cha kijani mpauko kimechomoza kama ncha ya ulimi, hicho ndo kikonyo cha ua, asikimbilie maji hata hapo, asubiri kifike urefu wa kiganja ndo arudishe kumwagilia. Ukiwahi maji, au baridi ikiwa haikutosha, ua linanasa hukohuko chini linafunguka limebanwa na majani, na inauma kwa sababu umengoja mwaka mzima.

Na hicho chungu kiache jamani. Mizizi ya klivia ni minene kama vidole vya mtoto, myeupe, inapenda kubanana, ukiuhamisha mmea kila mara unahangaika na mizizi badala ya ua. Miaka mitatu minne kwenye chungu kimoja ni sawa kabisa. Siku ukibadilisha, usitumie udongo wa mfinyanzi, changanya mboji, changarawe na vipande vya magome ya miti ili maji yapite, maana ikioza shinani hairudi kirahisi.

Kama mlimani huna mtu, ibakize kivulini upande wenye upepo na uipunguzie maji miezi hiyo. Ua hapo siwezi kukuahidi mwanangu, majani utayapata.

SWALI: Habari Bibi, niko Limuru. Huku zangu zinachanua vizuri, na maua ya mwaka jana yameacha matunda ambayo sasa yamekuwa mekundu. Nina mtoto wa miaka miwili na anayatamani kweli. Yana sumu? Na mbegu naweza kupanda?

JIBU: Ndiyo, yana sumu, yatoe leo hii kabla hujamaliza kusoma. Klivia nzima ina sumu inayoitwa laikorini, na shina lake la chini ndo baya zaidi. Anayekula anatapika, mate yanamtoka, tumbo linamuuma, na mtoto mdogo akila wahi naye hospitali ukiwa umebeba kipande cha mmea wakaone. Mbuzi na mbwa nao uwaweke mbali.

Mbegu panda, tena umepata bahati maana tunda linachukua kama miezi tisa kuiva. Menya ile nyama nyekundu yote, osha mbegu mpaka utelezi uishe, halafu ibonyeze tu juu ya mboji yenye unyevu, usiifukie. Baada ya mwezi hivi utaona mzizi mmoja mnene umetoka unatafuta pa kuingia, ukishindwa usaidie kwa kutoboa kashimo na kijiti. Jani litafuata. Ua ni miaka mitatu mpaka mitano, na rangi inaweza isifanane na ya mama yake, kwa hiyo ukitaka ileile kabisa gawanya machipukizi ya pembeni yakishakuwa na majani kama matano na mizizi yake yenyewe.

SWALI: Bibi, majani ya klivia yangu chini kwenye maungio yana vitu vyeupe kama pamba, na mengine yana mabaka meupe makavu. Niko Moshi.

JIBU: Ni mambo mawili hayo. Pamba ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe, chukua kitambaa chenye spiriti ufute mpaka ndani kabisa kwenye maungio, rudia kila wiki mpaka viishe, maana vinavyojificha kule chini ndo vinarudi. Mabaka ni jua la mchana, hayafutiki, sogeza chungu chini ya mwembe au parachichi leo na majani mapya yatatoka safi.