Besi Iliyopotea Ilikuwa Nyuma ya Kabati

Kwa karibu mwaka mzima nilizilaumu spika zangu. Kuzibeba zinataka watu wawili, lakini besi yake utadhani inatoka kwenye redio ya mkononi. Nilizisogeza ukutani, nikazitoa, nikazungusha kitufe cha besi mpaka kikagota. Siku nilipovuta kabati kufuta vumbi ndipo nikaona: spika ya kushoto, waya wenye mstari umeingia kwenye nguzo nyekundu (chanya), ya kulia, umeingia kwenye nyeusi (hasi). Na fundi aliyeziunga ni mimi.

Kosa hili la kugeuza waya wa spika moja haliunguzi kitu, ndiyo maana hudumu. Karatasi ya spika moja ikisukuma hewa mbele, ya pili inaivuta nyuma, na sauti nzito zinafutana kabla hazijakufikia. Mwimbaji unamsikia, ila huwezi kuonyesha kwa kidole amesimama wapi. Chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa spika zote mbili. Waya mwingi una alama upande mmoja. Upande upi uwe chanya ni hiari yako, mradi usibadili katikati ya kazi.

Waya umepita chini ya zulia na hauna alama? Uchomoe kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwenye betri ya volti 1.5 kidogo tu huku ukitazama spika kubwa ya besi. Karatasi ikiruka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo ya nyekundu. Ikiingia ndani, ni kinyume chake.

Kosa linalounguza ni nyuzi. Zima amplifaya na uichomoe kwenye umeme, menya waya kama sentimita 1, sokota nyuzi zikaze, ingiza zote. Uzi mmoja ukichomoza na kugusa nguzo ya jirani ni shoti, na shoti hiyo huweza kuondoka na transista za amplifaya.

Halafu kuna tamaa ya spika nne. Watu wengi hudhani omu nyingi (omu ni kipimo cha ukinzani) ndiyo mzigo mzito, kumbe ni kinyume: omu zikipungua, amplifaya inavutwa mkondo mkubwa zaidi. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, unapata omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazikuundwa kwa hilo. Soma kilichoandikwa nyuma yake kabla ya kubonyeza vitufe vya A na B, vya jozi mbili za spika, kwa pamoja. Ukiziunga kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine, omu zinajumlishwa, 8 na 8 ni 16. Sauti inapungua, lakini amplifaya inapumua.

Kuhusu waya wa bei ya kutisha, mimi sinunui. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukienda mita 10 na kurudi, una ukinzani wa omu 0.23 hivi, wa 2.5 una 0.14. Kwa spika ya omu 8 sikio langu halioni tofauti. Ninachokagua ni shaba yenyewe: ukikwangua uzi kwa wembe na ndani ukaonekana mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

Ukimaliza, weka wimbo wenye gitaa la besi. Zima, geuza waya wa spika moja, washa tena usikilize. Uunganisho wenye besi nene ndio sahihi. Uache hapo, kisha urudishe kabati ukutani.