Kabla hujaagiza flashi zenye nembo: kwa wanaoanza kazi ya matangazo ya sarafu za kidijitali

Wiki yangu ya pili kwenye kampuni ya sarafu za kidijitali nilikabidhiwa bajeti ya zawadi za maonyesho na siku nne za kuitumia. Niliagiza flashi 500 zenye nembo yetu, ndani nikaweka mwongozo wa kulinda pochi, yaani programu au kifaa cha kutunzia sarafu hizo. Nilijiona mjanja. Maonyesho hayajapamba moto, mzee mmoja akaokota moja, akaigeuzageuza, akanirudishia mezani. "Kijana, bango lililo nyuma yako linasema tusichomeke kwenye kompyuta kitu tusichokijua. Hiki nakijua?"

Sikuwa na jibu. Kisanduku kizima cha flashi hizo bado kiko kwenye droo yangu, na hata mimi mwenyewe sizichomeki.

Kwenye biashara nyingine zawadi mbovu ni hasara ya pesa, yamekwisha. Kwetu mpokeaji ndiye benki yake mwenyewe: muamala ukishathibitishwa, hakuna wa kumpigia simu aurudishe. Kwa hiyo chochote unachomkabidhi kinamzoesha jambo. Flashi inamzoesha kuchomeka, na watu huchomeka kweli: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, flashi 297 ziliangushwa kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, na angalau asilimia 45 zilichomekwa na faili zake kufunguliwa. Kebo za kuchajia nazo zinaweza kuwa hatari ileile iliyovaa koti jingine. Msimbo wa QR unamzoesha kuskani kabla ya kuuliza. Tangazo la Coinbase, soko la sarafu za kidijitali, kwenye Super Bowl ya 2022 (fainali ya mpira wa Kimarekani), lile la msimbo uliozunguka kwenye skrini tupu pamoja na ofa ya bitcoin ya dola 15, lilivuta watu hadi mfumo ukalemewa. Wenzangu hulitaja kama ushindi. Mimi huona umati ulioskani msimbo ambao haujajitambulisha.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni kadi zenye sarafu kidogo ndani yake: unachapisha anwani ya kupokelea sarafu upande mmoja, ufunguo binafsi (siri inayomwezesha yeyote aliye nayo kuzihamisha) upande wa pili, unaufunika kwa kibandiko cha kukwangua. Inapendeza mkononi. Lakini hebu hesabu waliouona ufunguo kabla ya mpokeaji: aliyeutengeneza, kompyuta yake, mchapishaji, mashine ya mchapishaji, aliyebandika. Mtu mpya ataiona anwani ile kuwa yake, na siku moja ataiongezea akiba yake halisi. Ikipotea, nani mwizi? Hutajua, na jina lililo kwenye kadi ni lenu. Mike Caldwell alipoanza kuuza sarafu za chuma za Casascius mwaka 2011, ufunguo ukiwa chini ya kibandiko cha hologramu, wanunuzi walilazimika kumwamini kuwa hakubakiza nakala. Angalau yeye walimjua kwa jina. Wewe unagawa kwa wapita njia. Na hata yeye aliacha mwaka 2013, baada ya mamlaka za fedha za Marekani kumwambia kuwa anachofanya ni biashara ya kuhamisha fedha za watu. Kadi za aina hiyo basi zipitie kwa mwanasheria kwanza, hata kama zina senti tu.

Vifaa vya kuhifadhia funguo navyo vina mtego wake. Kamwe usigawe kilichofunguliwa ili kuchongwa nembo, wala kilicho tayari na maneno yake 24 ya siri: anayeyajua maneno hayo anaweza kuchukua sarafu zote.

Halafu kuna fulana na kofia. Nembo kubwa ya Bitcoin kifuani inamtangazia kila anayepita kwamba huyu huenda ana mali isiyohitaji gari kubebwa. Afadhali hizo, mtu anaweza kuzivua. Kibaya zaidi ni kuzituma kwa posta hadi nyumbani kwa watu, maana hapo umekusanya orodha ya majina, simu na anwani za wenye sarafu. Taarifa za wateja wa Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa hivyo vya kuhifadhia funguo, zilipovuja mwaka 2020, takriban 272,000 wakiwa na anwani zao za nyumbani, baadhi yao walipokea kwa posta mwaka uliofuata vifaa bandia vilivyofungwa vizuri, na barua ya kuwaelekeza waingize maneno yao ya siri. Orodha ambayo hukuikusanya haivuji.

Kugawa pesa zenyewe nitakupitisha haraka. El Salvador ilitoa dola 30 za bitcoin kwa kila raia aliyefungua Chivo, pochi ya serikali, mwaka 2021, na wengi walizitumia wakaiacha. Na ahadi ya "tuma moja upokee mbili" usiitamke hata kwa utani. Ndiyo maneno yaliyowekwa kwenye akaunti za Twitter za watu mashuhuri zilizodukuliwa Julai 2020.

Siku hizi naagiza vibamba vya chuma vitupu, vya kuchongea maneno ya siri. Havina umeme, havina programu, havijui chochote mpaka mwenyewe aandike. Bosi wangu alipoviona aliuliza nembo iko wapi. Nikamwambia iko kwenye karatasi ya kufungia, kwa sababu hatutaki mwizi akikuta kibamba ajue ni cha nini. Akasaini oda, shingo upande.