Jibu: Kuandika HSS/HLR kama programu huria, na kwa nini laini inakataliwa baada ya kurudisha nakala ya akiba

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uanzie wapi kuandika hifadhidata ya wateja wa mtandao wa simu kama programu huria, na kwa nini laini yako ya majaribio ilikuwa ikiingia mtandaoni vizuri, ila tangu urudishe hifadhidata kutoka nakala ya akiba ya wiki iliyopita inakataliwa moja kwa moja. Mzizi wa yote mawili ni mmoja.

Wengi huanza kwa kuchora jedwali la wateja: IMSI (namba ya utambulisho iliyo ndani ya laini), namba ya simu, kifurushi, hali ya laini. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ya HLR (HSS kwenye 4G, UDM kwenye 5G) ni kutunza vitu viwili vinavyobadilika muda wote na visivyoruhusiwa kukosewa: namba ya mfuatano ya kila laini, yaani SQN, ambayo kadi huitumia kukataa changamoto ya zamani, na jina la seva inayoihudumia simu hivi sasa. Hivyo viwili ndivyo vya kubuni kwanza.

Kabla ya kuandika chochote, soma msimbo uliopo. OsmoHLR imeandikwa kwa C, inahifadhi kwenye SQLite, na inaongea na OsmoMSC (seva ya sauti) na OsmoSGSN (seva ya data) kwa itifaki ya GSUP kupitia TCP bandari 4222. GSUP ni nyepesi kuliko MAP, itifaki ya mitandao ya zamani ya SS7, kwa hiyo mantiki inaonekana wazi bila kufunikwa na tabaka zake za SCCP na TCAP. HSS ya Open5GS inatumia MongoDB na itifaki ya Diameter kupitia maktaba ya freeDiameter. PyHSS ni ya Python, na kwa anayejifunza S6a (mawasiliano ya HSS na MME, seva inayosimamia simu kwenye 4G) ndiyo ninayopendekeza isomwe kwanza. OsmoHLR na Open5GS zina leseni ya AGPL toleo la 3. Ukichukua kipande chake ukakibadilisha na kukitumia kutoa huduma kupitia mtandao, wanaoitumia huduma hiyo wana haki ya kupata msimbo wako. Amua hilo mapema.

Jedwali, kwa kifupi

IMSI iwe maandishi, kamwe isiwe namba. Msimbo wa mtandao wa majaribio ni 001 01 (MCC ya nchi, kisha MNC ya mtandao), na ukihifadhi 001010000000001 kama namba, sifuri mbili za mwanzo zinapotea, kisha HSS inajibu kwamba mteja hayupo huku unamwona kwenye jedwali. MSISDN (namba ya simu) weka kwenye jedwali lake, maana laini moja inaweza kuwa na zaidi ya moja. Urefu wa MNC (tarakimu 2 au 3) haujulikani kwa kuitazama IMSI peke yake, kwa hiyo utoke kwenye usanidi.

Data za siri ziwe kwenye jedwali tofauti kabisa: K (funguo ya siri ya laini) baiti 16, OPc baiti 16, aina ya algoriti, na SEQ (sehemu ya SQN, nitaieleza chini). Hifadhi OPc, usihifadhi OP (thamani ya siri ya mwendeshaji wa mtandao). OPc hupatikana kwa kusimba OP kwa AES-128 ukitumia K, kisha kufanya XOR na OP yenyewe, hivyo kila laini ina yake. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kuandika OP kwenye nafasi ya OPc. Dalili yake ni simu kujibu sababu namba 20, MAC (msimbo wa kuthibitisha changamoto) haikubaliki. Ukiona 20, usiguse SQN. Kagua K na OPc.

Milenage: thibitisha kwa data rasmi

Usijaribu kwa simu mpaka msimbo wako utoe majibu haya, ambayo ni seti ya kwanza ya majaribio ya 3GPP kwa Milenage, algoriti ya kuthibitisha laini (RAND ni namba ya nasibu ya changamoto, AMF ni uga wa usimamizi wa uthibitishaji, f1 hadi f5* ni kanuni zake za ukokotoaji):

K = 465b5ce8b199b49faa5f0a2ee238a6bc
RAND = 23553cbe9637a89d218ae64dae47bf35
SQN = ff9bb4d0b607, AMF = b9b9
OP = cdc202d5123e20f62b6d676ac72cb318

Lazima upate OPc = cd63cb71954a9f4e48a5994e37a02baf, f1 = 4a9ffac354dfafb3, f2 = a54211d5e3ba50bf, f5 = aa689c648370, f1* = 01cfaf9ec4e871e9 na f5* = 451e8beca43b. Hizo mbili za mwisho watu huziruka kwa sababu hazihitajiki simu inapoingia bila tatizo. Zinahitajika siku SQN ikipotea, yaani hali uliyo nayo sasa. Ukitaka kulinganisha na chombo kingine, libosmocore inakuja na osmo-auc-gen.

AMF nayo ina mtego. Kwa 4G biti yake ya kwanza lazima iwe 1, ndiyo maana utaona 8000 kila mahali. Ukiweka 0000, simu hukataa kwa sababu namba 26 hata kama funguo zote ni sahihi.

SQN, na hapa usiharakishe

SQN ina biti 48. Kwa mpangilio uliopendekezwa kwenye TS 33.102, kiambatisho C, biti 43 za juu ni SEQ na biti 5 za chini ni IND. Kadi hutunza nafasi 32, moja kwa kila IND, na hukubali changamoto ikiwa SEQ ni kubwa kuliko ile iliyokwisha kupokelewa kwenye nafasi hiyo.

Sababu ya IND ni hii. MSC inaomba vekta 5 (seti za changamoto na majibu yake) na kuziweka akiba. Baadaye SGSN inaomba zake, zenye SQN kubwa zaidi, na kuzitumia. Kisha MSC inachukua vekta ya pili kutoka akiba yake. Kama zote zilitolewa kwa IND moja, kadi inaiona hiyo kuwa ya zamani na kuikataa. Simu inabaki ikiyumba kati ya sauti na data, na kila zamu kuna usawazishaji upya. Kila seva ikiwa na IND yake, mgongano huo haupo. OsmoHLR hufanya hivyo: kila seva inayojiunga hupewa IND kwa jina lake, na biti 5 ndiyo chaguo-msingi.

Kwa hiyo mimi nashauri usihifadhi SQN nzima. Hifadhi SEQ kwa kila laini, na IND kwa kila seva, kisha:

UPDATE auc SET seq = seq + 1 WHERE imsi = ? RETURNING seq;

SQN ni seq × 32 + ind. Ukiombwa vekta 3, ongeza 3 kwa mkupuo. RETURNING ipo PostgreSQL, na SQLite kuanzia toleo la 3.35. Usisome kwanza halafu ukaandika kwa amri ya pili: maombi mawili yakifika pamoja yatasoma SEQ ileile, na mojawapo linaweza kukataliwa na kadi. Hitilafu ya aina hii haionekani ukiwa na simu moja mezani. Na muamala uwe umekwisha kuandikwa diskini kabla vekta haijatoka. Mashine ikizimika baada ya kutuma lakini kabla ya kuandika, ukiwasha utakuwa umerudi nyuma. SEQ iliyorukwa haina hasara yoyote. Iliyorudiwa ndiyo balaa.

Sasa tatizo lako. Nakala ya akiba imerudisha SEQ ya wiki iliyopita, kadi iko mbele, hivyo inajibu sababu namba 21 (SQN haiko sawa) pamoja na AUTS, yaani ujumbe wenye SQN ya kadi yenyewe. Hilo peke yake lisingeikwamisha laini, kwa sababu HSS ilitakiwa kujisahihisha. Kukwama kwake kunaonyesha kuwa sehemu ya usawazishaji haifanyi kazi. Kagua haya:

AUTS ni baiti 14: 6 za kwanza ni SQN ya kadi iliyofichwa kwa XOR na f5*, si f5. Baiti 8 zinazofuata ni MAC-S, inayokokotolewa kwa f1* na AMF ya 0000, hata kama changamoto ilitumia 8000. Hili la AMF ndilo hukosewa zaidi. Kisha RAND: ni ile iliyotumwa kwenye changamoto iliyokataliwa, si mpya. Kwenye S6a, MME hukuletea vyote kwenye Re-Synchronization-Info, baiti 30: RAND 16 kwanza, kisha AUTS 14. Ukipishanisha hata baiti moja, MAC-S haitalingana kamwe.

MAC-S ikilingana, weka SEQ iwe ile ya kadi, ongeza 1, tengeneza vekta mpya kwa IND ya aliyeomba. Isipolingana, usibadilishe chochote. Kuna wanaoruka ukaguzi huu ili "ifanye kazi". Maana yake ni kwamba yeyote anayeweza kutuma AUTS ya uongo anaisogeza SEQ ya mteja anavyotaka.

Na kila unaporudisha nakala ya akiba, kabla ya kuwasha seva sukuma SEQ zote mbele, kwa mfano 100000. Kadi inaweza kukataa mruko mkubwa mno. Kikomo kilichopendekezwa kwenye kiambatisho hichohicho ni 2^28, kwa hiyo 100000 ni salama. Bila hivyo, maelfu ya simu zitaomba usawazishaji kwa pamoja dakika ileile unapowasha.

Uthibitishaji umepita, simu bado inagoma

Kwenye 4G funguo ya KASME, ambayo funguo nyingine za usalama hutokana nayo, hutengenezwa kwa kuchanganya na PLMN (msimbo wa MCC na MNC) ya mtandao unaohudumia, baiti 3. Mtandao 001/01 ni 00 F1 10. Mtandao 001/010 ni 00 01 10. Ukikosea hapo, RES (jibu la simu kwa changamoto) italingana na utadhani umemaliza, kisha simu inakataa amri ya usalama inayofuata. Chukua PLMN iliyokuja ndani ya ombi. Usiiandike ndani ya msimbo.

Mahali ilipo simu

Ombi la kusajili mahali likitoka MME mpya, HSS huandika jina la MME hiyo na kutuma CLR (amri ya kumfuta mteja) kwa ile ya zamani. Linganisha majina kwanza. Kama MME ni ileile na bado ukatuma CLR, utakuwa unamtoa mteja uliyemsajili sekunde hiyohiyo, naye atarudi, nawe utamtoa tena.

PUR (taarifa ya MME kwamba imemfuta mteja) nayo huchelewa. MME ya zamani inaweza kukuambia imemfuta mteja wakati tayari yuko kwingine. Futa mahali pale tu ambapo Origin-Host (jina la mtumaji) ya PUR ni sawa na jina ulilohifadhi.

Kuhusu majibu ya makosa, naomba uwe mwangalifu sana. Hifadhidata ikishindwa kufikiwa, usijibu 5001, mteja hajulikani. Kwa kawaida MME huigeuza kuwa sababu namba 8, na simu ikipokea hiyo huihesabu kadi kuwa batili mpaka izimwe au kadi itolewe. Hitilafu ya diski ya dakika mbili inageuka kuwa wateja wasio na mtandao siku nzima. Tumia 4181 (data za uthibitishaji hazipatikani) kwa ombi la vekta, na 5012 (ombi limeshindikana) kwingineko. 5001 ibaki kwa IMSI ambayo una uhakika haipo.

Wasifu wa APN

APN ni jina la njia ya data anayoruhusiwa mteja. Hapa ni kufuata jedwali tu, ila mambo matatu hupoteza muda. Context-Identifier ya chaguo-msingi lazima iwepo miongoni mwa APN ulizotuma. Kwenye sehemu za ARP (kipaumbele cha mteja) zinazohusu kunyang'anya na kunyang'anywa nafasi, 0 ni kuwezesha na 1 ni kuzima, kinyume na anavyotarajia mwandishi wa programu. AMBR (kikomo cha kasi ya mteja) ya kawaida ni biti kwa sekunde ndani ya biti 32, hivyo inaishia takriban Gbps 4.29, ukiweka zaidi bila kutumia viambatanisho vipya vya Kbps, namba inazunguka na mteja anapata kasi ya ajabu. QCI (daraja la ubora wa huduma) iwe 9 kwa intaneti, 5 kwa IMS (mfumo wa simu za sauti kupitia data).

Diameter na funguo

Muunganisho usipopanda, mara nyingi si msimbo wako. freeDiameter inataka Identity iwe jina kamili la mwenyeji linalolingana na lile ambalo upande wa pili umeliandika kwenye usanidi wake, na faili za cheti hata kama hutumii TLS. Bandari ni 3868, SCTP au TCP.

K isionekane kwenye logi, hata kwenye kiwango cha utatuzi. Watu hubandika logi mtandaoni wakiomba msaada. Ihifadhi ikiwa imesimbwa, na funguo ya kuifungulia iwe nje ya hifadhidata, ili nakala ya akiba ikiibwa isiwe na maana.

Majaribio yafuate utaratibu huu: data rasmi za Milenage, kisha AUTS uliyotengeneza mwenyewe kutokana na seti ileile lakini kwa AMF ya 0000, kisha maombi 100 ya vekta kwa IMSI moja kwa wakati mmoja ukihakikisha hakuna SQN iliyojirudia, kisha kuua mchakato kwa kill -9 katikati ya maombi hayo na kukagua kuwa SEQ haikurudi nyuma. srsUE ina kadi ya programu ndani yake, kwa hiyo 4G yote unaweza kuijaribu bila redio. Kadi halisi chukua zile zinazouzwa pamoja na funguo za ADM (zinazoruhusu kuandika kwenye kadi), uziandike kwa pySim. Ukibandika hapa kipande chako kinachosoma Re-Synchronization-Info, bila K wala OPc, nitakipitia mstari kwa mstari.